Soksi ya mtoto hukaguliwa ndani

Soksi za kwanza nilizomfumia mtoto wa wifi yangu zilikuwa nzuri mno kwa nje. Rangi ya maziwa, ukingo wa kijani, na kamba nyembamba ya kufungia yenye vishada viwili. Kila mgeni aliyekuja kumpa mzazi hongera alizishika, akazipapasa, akauliza nimenunua wapi. Siku ya nne au ya tano hivi, mama mkwe alikuwa anamvua mtoto amwogeshe, nikasikia ananiita.

"Mwanangu, hebu njoo uone."

Kidole kimoja cha mguu, kile kinachofuata dole gumba, kilikuwa kimezungukwa na uzi. Ulikuwa mkia wa uzi niliouacha uning'inie ndani ya soksi nilipomaliza kufuma, kwa vile niliona huko ndani hakuna atakayeuona. Kidole kimekuwa chekundu na kimeanza kuvimba. Mama mkwe aliukata kwa kimkasi cha kucha, taratibu, mtoto analia, mimi nimesimama mlangoni sijui mikono niiweke wapi. Baada ya muda rangi ilirudi. Baadaye nilikuja kujua kwamba jambo hili madaktari wanalifahamu vizuri: uzi au hata unywele wa mama ukikaza kidole cha mtoto huzuia damu, na ukikaa muda mrefu kidole kinaweza kuharibika kabisa. Mtoto analia, watu wazima wanadhani ni tumbo la chango.

Naanza na hilo kwa sababu ninyi mnaonitumia picha za kofia zenye masikio ya sungura na kuniuliza "dada, nianzie wapi?" mnatazama nje tu. Nje ni kwa ajili ya mama na kamera. Mtoto anaishi upande wa ndani.

Haya, tuanze na vifaa, maana hapo hapana maneno mengi. Sindano moja ya kroshia ya milimita 3.5 au 4 inatosha mwaka mzima. Usinunue lile pakiti lenye sindano kumi na mbili za rangirangi, tisa hutazigusa. Mkasi mdogo, utepe wa kupimia wa fundi cherehani, na sindano nene ya kushonea isiyo na ncha kali. Hiyo ya mwisho ndiyo wanaoanza huisahau, na ndiyo ingekiokoa kile kidole.

Uzi ndio wenye mambo. Ninaishi Dar, na kofia yangu ya kwanza kabisa niliifuma kwa uzi mnene wa "sufu" nilioununua Kariakoo. Mwezi wa pili, joto lile mnalijua. Mtoto alivishwa kwa dakika kumi za picha, akatoka na jasho na paji la uso limejaa vipele. Niliponusa ukweli wa huo uzi niligundua hata sufu yenyewe si sufu. Unaweza kujaribu nyumbani: kata kipande kifupi, kishike kwa koleo juu ya sinki, kiwashe kwa kiberiti. Sufu ya kondoo hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika. Pamba hunuka kama karatasi. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, kama mfuko wa plastiki. Wangu uliacha kidonge.

Akriliki si mbaya. Ni rahisi, haipauki haraka, na kwa mtu wa Njombe au Lushoto mwezi wa saba inafaa. Ila ina adui mmoja nyumbani kwetu, naye ni pasi. Sisi nguo za mtoto tunazipiga pasi zote, hadi nepi, na sababu ipo: kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje, na funza wake huingia kwenye ngozi. Mama mkwe, kwa nia njema kabisa, aliipiga pasi ya mkaa kofia yangu ya pili, nayo ya akriliki. Ilitoka bapa, inang'aa, imelegea kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Nilinyamaza. Ningesema nini, na yeye ndiye aliyekuwa anafuata kanuni? Tangu hapo, kwa mtoto wa Dar nafuma kwa uzi wa pamba, unaostahimili pasi na sabuni ya mche.

Sasa kofia yenyewe. Watu wengi hufuma kwa kukisia halafu wanatafuta mtoto mwenye kichwa kinachoingia. Pima. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake mara nyingi huwa kati ya sentimeta 33 na 37. Chukua 35. Kofia lazima iwe ndogo kidogo kuliko kichwa ili ishike bila kamba: toa 3 kama uzi unavutika, toa 2 kama ni pamba, maana pamba haivutiki sana. Tuseme umebaki na 32. Gawanya kwa 3.14, unapata sentimeta 10 na kidogo. Hayo ndiyo mapana ya kisahani chako cha juu, yaani lile duara la utosini.

Kisahani unakifuma hivi: cheni nne (vitanzi vya kuanzia vilivyoshikana kama mnyororo), ziunganishe ziwe duara, humo ndani fuma singo sita; singo ni fundo fupi la msingi la kroshia. Mzunguko wa pili, kila tundu litie singo mbili, ziwe kumi na mbili. Wa tatu, ongeza kila baada ya tundu moja, kumi na nane. Wa nne, kila baada ya matundu mawili, ishirini na nne. Unaongeza sita kila mzunguko, basi. Kilaze mezani kila mara. Kikijikunja kama bakuli, umeruka sehemu za kuongeza au mkono wako unabana. Kikifanya mawimbi kama ukingo wa gauni la harusi, umeongeza kupita kiasi. Kikifika sentimeta 10 acha kuongeza, endelea kuzunguka tu hadi kutoka utosini mpaka ukingoni upate kama sentimeta 14. Kofia imekwisha.

Hapa kuna mtego ulionipotezea wiki nzima. Nilikuwa na kijitabu cha zamani cha mama, alichosomea sayansikimu, na wakati huohuo natazama video za mama mmoja Mmarekani. Kijitabu kinasema fundo la dabo, video inasema dabo, kofia zinatoka saizi mbili tofauti. Kumbe dabo ya Mwingereza ndiyo singo ya Mmarekani! Fundo ni lilelile, majina yamepishana. Kabla hujafuata maelekezo yoyote, tafuta kwanza yameandikwa na nani. Ukiona neno singo, mara nyingi huyo anafuata mtindo wa Marekani, kwa kuwa Mwingereza wa siku hizi hatumii jina hilo.

Turudi kwenye soksi. Unyayo wa mtoto mchanga ni kama sentimeta 8, soksi ifume 9. Fuma mafundo mafupi yaliyokaribiana. Yale maua ya matundu yanayopendeza kwenye vitambaa vya makochi usiyapeleke kwenye soksi wala glavu za mtoto; kidole kinapenya tunduni na hakirudi. Ukimaliza, acha mkia wa uzi mrefu kama kiganja, uutie kwenye ile sindano nene, uupitishe ndani ya mafundo kwenda mbele, kisha urudi nyuma, kisha mbele tena. Mara tatu. Ndipo ukate. Halafu geuza soksi ndani nje uikague, irudishe, ingiza kidole chako kidogo, kizungushe taratibu. Kikikwama popote, hata kidogo, soksi haijaisha.

Vishada, vifungo na macho ya shanga nimeviacha. Kila kinachoweza kung'olewa kitafika mdomoni, na kamba ndefu huzunguka shingo. Ukitaka sura ya dubu kwenye kofia, idarizi kwa uzi. Na mwambie mama kwamba kofia ni ya kutokea nje: mtoto akilala ndani avuliwe, na mashali mazito ya matundu yasiachwe karibu na uso wake. Mtoto hupunguza joto kupitia kichwani, na kofia inaweza kumteremkia puani.

Watoto njiti ni habari nyingine. Wao hubebwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mtindo wa kangaruu ulioanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na hapo mwilini huwa na kofia, soksi na nepi tu. Kwa hiyo kofia zinahitajika kweli. Ila usifume thelathini ukaenda nazo wodini kama mgeni wa harusi. Nenda kwanza mikono mitupu umuulize muuguzi mkuu wanapokea nini, saizi gani, na wanafuaje. Mimi nilikwenda na mfuko umejaa, zikawa kubwa karibu zote. Niliambiwa kwa upole, lakini njia nzima ya kurudi niliiona ndefu.

Kuhusu kuuza, mnaniuliza sana. Kofia moja inanila jioni mbili, soksi jioni moja na nusu. Mteja atakuambia ya mtumba ni bei ya chapati mbili, na hakosei. Usibishane naye. Mimi huuza kwa wanaokwenda kumwona mzazi na wanataka kitu ambacho hakuna mwingine atakayekileta, na kila pea naifunga pamoja na kijikaratasi: osha kwa maji ya uvuguvugu, anika kivulini, ni pamba, pasi ruksa.

Wifi amejifungua tena mwezi uliopita. Nilipeleka soksi za rangi ya haradali, safari hii bila kishada. Mama mkwe alizipokea mlangoni, na kabla hajaniuliza habari za watoto alizigeuza ndani nje, akazirudisha, akaingiza kidole chake cha mwisho, akakizungusha moja, akakizungusha ya pili. Kisha akaniambia, "Pita ndani, chai ipo."