Tristan Murail: okestra au kompyuta?
Ndugu, umeuliza kama Tristan Murail ni mtunzi wa muziki wa okestra au wa kompyuta tu. Ni vyote viwili. Alizaliwa Le Havre, Ufaransa, mwaka 1947, akasoma Kiarabu na uchumi kabla ya kufundishwa utunzi na Olivier Messiaen mjini Paris, na mwaka 1973 akawa miongoni mwa waasisi wa kundi la L'Itinéraire, ambalo watunzi wake huichambua sauti moja hadi kwenye mawimbi yanayoiunda, kisha wakayagawia ala mbalimbali. Anza na kazi yake Gondwana ya mwaka 1980, ya okestra pekee, ambamo milio mizito kama ya kengele hugeuka polepole ikawa ya tarumbeta. Désintégrations, yenye ala 17 na sauti za kompyuta, naiona ngumu zaidi kwa sikio geni.