Haddington: kanisa lililogawanywa kwa ukuta

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Binti yangu anasoma Edinburgh, Uskoti, na Julai nitakwenda kumtembelea. Anataka tuone kanisa la Mtakatifu Maria, Haddington, na mengine ya vijijini. Mimi Mlutheri, nitazame nini? Na nitajuaje la kale na la juzi? Mama wa Soweto, Moshi.

JIBU: Shikamoo mama. Pandeni basi kutoka Edinburgh, kama kilomita 27; treni ya abiria iliacha kufika Haddington mwaka 1949.

Mkiingia, simameni chini ya mnara mtazame juu. Kanisa lilianza kujengwa karne ya 14, lina urefu wa mita 62 hivi. Mji ulipozingirwa mwaka 1548 na 1549 likabomolewa vibaya. Waumini walitengeneza upande wa magharibi tu, wakaziba kwa ukuta. Upande wa mashariki, uitwao kwaya (si waimbaji, ni sehemu ya jengo), ulikaa bila paa zaidi ya miaka 400, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Dari yake ya matao utadhani ni jiwe. Ni faiba (nyuzi za kioo na plastiki), nyepesi mno kuliko jiwe.

Kijijini Gifford kuna kanisa la Yester la mwaka 1710, jeupe, lenye umbo la herufi T. Usitafute altare kama ya kwetu. Kwa Wapresbiteri, Waprotestanti wa huko, mahubiri ndiyo kiini, hivyo mimbari imewekwa katikati ya ukuta mrefu na viti vinaielekea kutoka pande tatu. Makanisa ya vijijini aghalabu hufungwa siku za kazi, nendeni Jumapili.

Umri wa kazi ya fundi utauona kwenye maungio ya mawe. Chokaa ya mafundi wa kale ni laini na hupitisha unyevu. Saruji huuzuia, maji yakatafuta njia ndani ya jiwe lenyewe. Yakiganda kwa baridi, uso wa jiwe hubanduka. Ukiona jiwe limeliwa na saruji imetokeza kama mbavu, hiyo ni kazi ya juzi, tena mbaya.

Kwetu Moshi maji hayagandi ukutani, ila unyevu wa masika na chumvi huharibu vilevile, polepole. Wazee wa usharika wakitaka kupiga lipu ya saruji kanisa la mawe la kale, wazuieni. Lipu ifaayo ni chokaa ndoo 1, mchanga wa punje kali ndoo 3, kisha ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa siku kadhaa. Jua likiikausha haraka, lipu hugeuka unga.