Mji wenyewe uko juu ya jabali

SWALI: Shikamoo shangazi. Mama mkwe wangu amekuja kukaa nasi hapa Makorora, Tanga. Daktari amemwambia atembee kila siku, ila magoti yake hayataki mlima. Kila ninayemuuliza ananitajia Lushoto. Mimi nataka papa hapa mjini, pasiwe mbali, auone mji na bahari kwa pamoja. Nimpeleke wapi, na saa ngapi?
Mkwe, Makorora

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumjali mama wa mwenzio. Lushoto kuzuri, lakini kwa magoti hayo hapana. Mchukue kwa bajaji, mvuke reli, mshukie Bustani ya Jamhuri. Mji wetu umekaa juu ya jabali la matumbawe na bandari iko chini yake, kwa hiyo mkishashuka tu mmeshafika juu. Mbele yenu ni ghuba, na katikati kile kisiwa chenye magofu ya misikiti, Toteni. Jina hilo tuliachiwa na Wajerumani, maana yake wafu.

Hapo mkae kidogo, kisha mwelekee mashariki, njia ya Hospitali ya Bombo mpaka Ras Kazone. Ni tambarare na ina vivuli. Kwa mwendo wa mtu mzima, pamoja na kupumzika, hesabu saa moja na nusu. Avae raba, si ndala.

Saa ndiyo muhimu. Mimi nilikosea, sitaki nawe ukosee. Nilimtoa mama yangu saa nane mchana, mwezi wa pili, jua la kaskazi. Tulipokaribia Bombo akanishika mkono: "Mwanangu, naona giza." Nikamkalisha kwenye mzizi wa mti, nikalowesha ncha ya mtandio wake kwa maji ya chupa, nikampangusa shingo. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, vimelowa jasho, na vilikuwa vikitetemeka kwenye kiganja changu. Sikumtoa tena nyumbani kabla ya alasiri. Wewe ondoka saa kumi na nusu. Jua litakuwa mgongoni, na mkifika rasi litakuwa limepoa.

Njiani pale Bombo mwonyeshe jengo la zamani la hospitali ya Wajerumani linalotazama bahari. Linaniuma kila nipitapo, kwa vile lilivyoachwa lichakae. Na mkifika Ras Kazone msimulie kwamba Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa majeshi yao, wengi wakiwa askari kutoka India, wakashindwa, na nyuki nao wakawashambulia. Wazee wanaipenda habari ya nyuki.

Halafu geukeni nyuma. Hicho ndicho nilichokuitia. Maji yote ya ghuba yako kati yenu na mji: miti ya Bombo juu ya jabali, mapaa, kreni za bandarini, na siku iliyonyesha mvua ikatakata, milima ya Usambara nyuma ya yote. Picha za mama piga, ila bandari usiielekezee kamera bila ruhusa.

Mama yangu amezaliwa Ngamiani, kakulia Ngamiani, na mpaka siku niliyomfikisha rasi hakuwahi kuutazama mji wake kutoka upande ule. Marehemu baba alikuwa kuli wa matishari. Enzi zile meli kubwa zilitia nanga mbali, mizigo ikaletwa gatini kwa matishari, na baba alirudi na nyuzi za katani zimemganda mabegani. Siku hizi gati limechimbwa kina cha mita 13, meli inakuja mpaka ukutani. Mama hakuwa na habari. Alisimama pale rasi, ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, akaniuliza mara tatu ile meli imekwama au vipi. Nilipomweleza akanyamaza, akaitazama mpaka taa zake zikawashwa.

Kwa hiyo usipange kumrudisha haraka. Bajaji ya kurudi mpatane bei mapema, umwambie dereva awafuate saa moja kasoro.