Usilipe bango la gereji kabla halijapanda mizani

Mkuu, kama hujatoa hiyo hela ya kianzio, usitoe. Nimesoma ulivyoandika: unafungua gereji Uyole, unataka mabango matatu ya kupamba kuta, unauliza uweke picha gani, saizi gani, uagize hapa Mbeya au Dar, na jamaa wa printi amekushauri uchukue ya bei ya chini kwa sababu "ya ndani hayapigwi jua wala mvua". Hayo maneno na mimi niliambiwa, nimesimama kaunta Mwanjelwa, na kilichofuata kilinitoa hela ambayo ningeongezea kidogo tu nikapata kompresa. Naona wachangiaji wa juu wameshakupongeza na kukutajia rangi za kuvutia. Rangi zisubiri. Tuanze na uzito.

Haya mabango ya fleksi ni plastiki ya PVC yenye wavu wa nyuzi za poliesta katikati. Yanapangwa kwa gramu. Ukisikia 440, maana yake mita moja ya mraba ina gramu 440. Zinazozunguka sana kwenye maduka ya printi ni 280, 340, 440 na 510. Ya 280 ni ya shughuli ya siku moja: sendofu, mahafali, mkutano wa hadhara. Asubuhi inatundikwa, jioni inashushwa, hakuna anayeidai zaidi ya hapo. Ya gereji ianzie 440, na kama ukuta wako unatazamana na lango, chukua 510. Tabu ni kwamba zikishachapwa huwezi kuzijua kwa macho. Zote zinang'aa, zote zina picha kali, zote zinanukia wino mpya, na wewe una furaha ya kuona jina la gereji yako limeandikwa kubwa.

Mimi niliambiwa, "Hii ni 440, nzito, utazeeka nayo." Nikalipa yote. Risiti iliandikwa "bango 3x2" basi, gramu hakuna. Hilo kubwa nikalipandisha juu ya kona ninayopigia rangi, mteja akiingia tu alione.

Sasa hilo la "ndani hakuna jua". Gereji gani Mbeya ina ndani? Lango liko wazi tangu tunafungua mpaka tunafunga. Langu linatazama magharibi, saa tisa jua limeshafika ukuta wa nyuma. Na jua la huku usilipime kwa ubaridi wa hewa. Jiji lipo kwenye mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda juu ndivyo ile miale inayopausha rangi inavyozidi, hata kama wewe mwenyewe umevaa sweta. Halafu kuna upepo. Kiangazi kikikolea, kuanzia Agosti, mchana upepo unaingia na vumbi lake, na sisi tulio kando ya barabara kuu kila lori la Tunduma likipita linatusukumia hewa. Bango linavimba, linarudi ukutani, linavimba tena, kutwa nzima. Mzigo wote huo unabebwa na zile ringi za bati za pembeni, zile unazopitishia kamba.

Siku yenyewe tulikuwa na Hilux ya mzee mmoja, boneti imepigwa puti, ikapigwa msasa, ikapigwa rangi, na kijana ndiyo kwanza amemaliza kupiga klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi linalong'arisha. Klia ikiwa mbichi ukigusa na kidole inavuta. Upepo ukaingia. Nikasikia paa, ringi ya kona ya juu imechomoka na kipande chake cha plastiki, halafu ya pili, ya tatu, zikaachia zote kama vifungo vya shati. Bango likashuka, uso chini, likalala juu ya boneti.

Tulilibandua taratibu, mmoja kushoto mwingine kulia. Thina iliyo ndani ya klia mbichi ilikuwa imeshayeyusha wino. Namba yangu ya simu ilibaki kwenye boneti ya mzee wa watu, nyekundu, imegeuka kinyumenyume, na vumbi la upepo limenasa juu yake. Hiyo huifuti. Tulirudi msasa mpaka chini, primaya upya, rangi upya, klia upya. Vifaa vyote vya mfukoni kwangu, na mzee alikuwa asafiri na hilo gari kwenda Sumbawanga kesho yake. Anayetaka kucheka acheke, bili niliilipa mimi.

Jioni nikaviringisha lile bango nikaenda nalo duka la jirani anayeuza mchele wa Kyela. Likapanda mizani. Mkuu, fanya hesabu na mimi hapa. Mita tatu kwa mbili ni mita sita za mraba. Sita mara 440 ni gramu 2,640, yaani kilo mbili na zaidi ya nusu. Mizani ikasoma kilo moja na robo tatu. Ukigawa kwa sita unapata karibu 290, na hapo ndani kuna upindo wa pembeni na ringi za bati zinazoongeza uzito. Kwa hiyo ilikuwa ya 280. Niliuziwa bango la mahafali kwa bei ya bango la kazi.

Nikarudi Mwanjelwa. Jibu lake: "Hilo ni suala la upepo, kaka, na nyie mlifunga vibaya." Sikuwa na risiti yenye gramu, sikuwa na la kushika. Hiki ndicho kinachonichoma mpaka leo. Mtu anayechapa mabango anajua roli alilolifungua ni la gramu ngapi, maana yeye mwenyewe amelinunua kwa gramu. Hawezi kusema amechanganya. Anaona fundi wa magari ameingia na ovaroli lenye grisi, anajua huyu hana habari na mambo ya karatasi na plastiki, anampiga. Angeniambia tu kwamba 440 haipo nisubiri mzigo, ningesubiri. Angeniambia ya 280 usiiweke juu ya gari la mtu, ningemshukuru na ningempelekea wateja. Gereji inapeleka watu kwenye printi kila mwezi: risiti, stika za vioo, kadi. Kanipoteza mimi na wote ninaowaelekeza.

Kwa hiyo kaa nalo hili. Bango lolote, kabla hujalipa hela ya mwisho, linapanda mizani. Lipia nusu, nusu ibaki mpaka uzito usome. Bango la mita mbili kwa moja la 440 haliwezi kuwa chini ya gramu 880. La 280 litacheza kwenye 560, ukiongeza upindo labda 600. Tofauti hiyo hata mizani ya duka la mangi inaionyesha. Na kwenye risiti aandike gramu, kwa kalamu, mbele yako. Akikataa kuandika, ameshakujibu.

Ukiwa hapo hapo omba kipande cha pembeni kinachobaki wanapokata. Kwangua ukingo wake kwa ukucha. Kuna fleksi zilizotengenezwa kwa kubandika karatasi mbili za plastiki juu ya wavu kwa gundi, ukikazana kidogo zinaachana kama mbili. Na kuna zile ambazo plastiki imemwagwa ikiwa majimaji ikazama kwenye nyuzi, hizo hazina pa kubandukia. Ya gundi inachoka mapema jua na baridi vikiipokezana, na huku kwetu vinaipokezana kila siku. Kiinue kipande kwenye mwanga pia utazame nyuzi: zikiwa nyembamba na zimeachana sana, acha. Uliza na wino. Kwa gereji unataka wa solventi (uliochanganywa na kimiminika cha jamii ya thina) au UV (unaokaushwa kwa taa ya mionzi).

Kuna mchangiaji kashauri upigilie misumari na vizibo vya soda. Kaka, hiyo inafaa turubai la lori la nyanya. Fleksi ukiitoboa kwa msumari, tundu lile linakuwa mwanzo wa mpasuko. Mwambie wa printi akunje upindo pande zote nne, auunganishe kwa joto, ringi zikae ndani ya upindo, moja kila nusu mita. Kisha usifunge kwa waya. Chukua tyubu mbovu ya pikipiki, kata vipande vyembamba, funga kila ringi kwa kipande chake. Tyubu inavutika upepo ukija na inarudi ukiisha, ringi haipati mshtuko. Inasaidia na jambo jingine: plastiki hii inatanuka mchana na kujikaza usiku, na Juni usiku wa Mbeya unaujua. Lililofungwa kwa waya mchana linajivuta lenyewe mpaka asubuhi.

Kama una uwezo wa fremu, mbao za mbili kwa mbili za paina, hizi zinazoshuka kutoka Sao Hill, zinatosha kabisa. Fremu ikae mbele ya ukuta kwa upana wa vidole viwili hivi, hewa ipite nyuma. Masika kuta zetu zinatoa unyevu na bati linadondosha matone asubuhi. Bango lililolala juu ya tofali linaota ukungu kwa nyuma, unaliona tu linaanza madoa meusi mbele.

Na waambie vijana wako siku ya kwanza: bango halifutwi kwa petroli wala thina. Fundi mkono wake uko kwenye kopo la petroli muda wote, akiona doa la oili anapitisha kitambaa, doa linaondoka na herufi zinaondoka nalo. Maji, sabuni ya unga kidogo, kitambaa laini, basi.

Kona ya kuchomelea usiweke fleksi kabisa. Cheche za grainda zinaitoboa vitundu vitundu, na PVC ikiungua moshi wake unakaba koo na kuchoma macho. Pale pigilia bati bapa, mwite fundi wa kuandika na brashi, akuandikie kwa rangi ya mafuta. Hao mafundi bado wapo, na kazi yao kwenye bati inadumu. Na juu ya sehemu ya kupigia rangi acha ukuta mtupu. Hata 510. Mimi sirudii kutundika kitu juu ya boneti mbichi ya mtu.

Rangi, kwa kuwa uliuliza: nyekundu na njano ndizo zinazokimbia kwanza kwenye jua, bluu na nyeusi zinabaki. Kwa hiyo maandishi muhimu, jina na simu, yawe meusi au bluu iliyokolea, hasa kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni. Picha unazompelekea zitume kama dokumenti, siyo kama picha ya WhatsApp, maana WhatsApp inazibana, na ikikuzwa mita tatu gari linaonekana limejengwa kwa matofali.

Likifika kabla hujatundika, liviringishe, usilikunje. Kwenye baridi plastiki inakakamaa, na pale ulipokunja panaacha mstari mweupe ambao hautoki tena. Lizungushe kwenye bomba la plastiki, uso wenye picha uwe nje.

Umesema kesho asubuhi unakwenda kulipa. Nenda na hesabu ya mita zako za mraba umeshaiandika kwenye simu, zidisha kwa 440, na umwambie kabla hajawasha mashine kwamba utapima. Ukishapata kipande, piga picha ukingo wake uliokwanguliwa na nyingine umekiinua kwenye mwanga, weka hapa, nitakuambia ni ya gundi au siyo. Leo niko gereji mpaka saa kumi na mbili, nitakuwa naangalia simu.