Kwa nini vibomu vya vishada hubaki ardhini bila kulipuka?

Swali: Marekani ilianza kuipa Ukraine mabomu ya vishada, yaani yale yanayofunguka na kumwaga vibomu vingi vidogo, Julai 2023, na ubishi haujaisha. Yana faida gani ambayo kombora la kawaida halina? Na kama kila kibomu kina fyuzi yake (kifaa cha kukilipua), kwa nini vingine hukaa ardhini miaka hamsini?

Jibu: Faida yake ni eneo. Kombora la kawaida la mzinga wa milimita 155 hulipuka mahali pamoja. Likikosa handaki kwa mita kadhaa, udongo humeza sehemu kubwa ya vipande vyake. Kombora la vishada la aina ya M864 hufunguka angani na kumwaga vibomu 72, kila kimoja kikitoboa chuma upande wa chini na kurusha vipande pembeni. Dhidi ya askari walio wazi, mizinga iliyopangwa au msafara wa malori, makombora machache hufanya kazi ya mengi. Aliyejichimbia chini ya paa nene la magogo na udongo hadhuriki sana, jambo ambalo wapenzi wa silaha hii hulisahau. Tena mwaka 2023 ghala za makombora ya kawaida zilikuwa zikipungua, haya yakiwepo tele.

Sasa fyuzi. Kibomu cha aina hii kina utepe wa kitambaa mgongoni. Kikianguka, utepe hushika upepo, kinasimama wima, na mzunguko unafungua skrubu iliyozuia fyuzi. Kitelezi kidogo kinasogeza kiwashio chini ya sindano, na mshtuko wa kugonga ardhi unamalizia. Hatua hizo zote zinategemea chuma kidogo cha bei rahisi, sekunde chache na ardhi ngumu. Utepe ukijisokota, kibomu kikilalia ubavu, kikitua kwenye tope, theluji au matawi, mfuatano unakatika. Kibaya zaidi ni kile ambacho sindano imeshafika kwenye kiwashio lakini haikugonga kwa nguvu: anayekiokota ndiye anayemalizia kazi. Na watoto huvutwa na ule utepe.

Marekani ilisema vilivyopelekwa Ukraine havishindwi kulipuka kwa zaidi ya asilimia 2.35. Tukikubali hivyo, makombora elfu moja ya M864 huacha vibomu karibu 1,700. Lakini takwimu za uwanja wa majaribio siziamini sana. Kibomu cha M85 chenye mfumo wa kujiharibu chenyewe kilinadiwa kuwa na kasoro isiyozidi asilimia 1. Wataalamu waliochunguza Lebanon baada ya vita vya 2006 walikuta karibu asilimia 10.

Laos ndiyo hesabu kubwa kuliko zote. Kati ya 1964 na 1973 Marekani iliangusha huko vibomu takriban milioni 270, vingi vikiwa na ukubwa wa mpira wa tenisi, na inakadiriwa hadi asilimia 30 havikulipuka. Wakulima wa mkoa wa Xieng Khouang bado wanavigonga kwa jembe. Kutu huozesha chuma cha nje. Baruti ndani hubaki na nguvu.

Mkataba wa kuvipiga marufuku ulipitishwa Dublin mwaka 2008 na kuanza kutumika Agosti 2010, lakini Marekani, Urusi na Ukraine hazimo. Kwa kamanda, hoja yenye uzito zaidi huenda ni hii: eneo ulilolimwagia vibomu leo, kesho askari wako watalipita kwa miguu. Mwaka 1991, Kuwait na Irak, wanajeshi wa Marekani waliuawa na vibomu vya jeshi lao wenyewe.