Usiangalie mpira, mwangalie mtu

Wiki hii mmeuliza kama mchezaji wa kawaida anaweza kuboreka kwa kuwatazama waliokomaa, ama kinachosaidia ni mazoezi peke yake. Mimi nacheza raga, namba 15, yule beki wa mwisho nyuma, kwa klabu ndogo hapa Nairobi na jibu langu ni ndio, tena sana, lakini kuna kutazama na kutazama. Wengi wetu tukienda uwanja wa raga wa RFUEA pale Ngong Road Jumamosi macho yanafuata mpira tu, ukienda kushoto nasi kushoto, trai ikifungwa, yaani mtu akiuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, tunaruka, mechi ikiisha tumefurahi lakini hakuna kitu tumebeba cha kupeleka mazoezini. Chagua mtu mmoja anayecheza namba yako, mkazie macho kipindi kizima, dakika zote 40, na hasa wakati hana mpira. Ukipitwa na trai moja mbili si neno, watu wataku­simulia.

Ngoja nieleze. Namba 15 mzoefu hasimami tu huko nyuma katikati akingoja mpira umfikie, huyo mtu anatembea mechi nzima. Mpira ukiwa upande wa kushoto anasogea huko, winga wa kushoto anapanda kukaba, winga wa kulia anarudi nyuma kuziba pengo, halafu mpira ukihama wanabadilishana, huyu anapanda yule anashuka, na yeye 15 ndiye anawapanga kwa mikono na mdomo. Tangu sheria ya 50:22 ianze kutumika mwaka 2021 kazi hiyo imekuwa nzito zaidi, maana mpinzani akipiga teke kutoka nusu yake, mpira ukadunda uwanjani kisha ukatoka nje ndani ya mita 22 zako, laini-auti inakuwa ya kwake, yaani timu yake ndiyo inaurusha mpira kuurudisha uwanjani. Acha kona moja wazi uone.

Lakini kilichonifungua macho kabisa ni kuona kwamba hawa watu wanaanza kurudi nyuma kabla teke halijapigwa. Wanajuaje? Mwangalie namba 9 wa wapinzani, yule anayeutoa mpira kwenye raki, lile rundo la watu wanaosukumana juu ya mpira ulio chini. Raki ikitulia, mafowadi, wale wa mbele, wanajipanga mmoja nyuma ya mwenzake kuirefusha, 9 anauvuta mpira kwa mguu polepole mpaka kwa mtu wa mwisho, refa anamwambia autumie, na wakati huo wote 15 na winga wa upande ule wameshaanza kushuka. Kwa namba 10, mchezeshaji wao, ishara ni nyingine, akisimama mbali nyuma kuliko kawaida yake ujue hapo kuna teke. Kisha mpira ukiwa hewani sikiliza, 15 anaita mapema na kwa sauti kubwa, anaruka goti moja likiwa mbele, na mwili ameugeuza kidogo upande, ili hata mpira ukimponyoka uangukie nyuma na si mbele, isije ikawa skramu ya wapinzani, ule msukumano wa mafowadi wa timu mbili ambapo wao ndio wanaoingiza mpira. Haya yote hakuna aliyenifundisha kwa maneno, niliyaona, nikaenda kuyajaribu mazoezini moja moja, na leo mipira ya juu hainitishi.

Kwa TV hutayaona vizuri kwa sababu kamera inafuata mpira, 15 anaingia kwenye picha wakati tayari kazi ya maana ameshaimaliza. Video nazo zina faida yake, unaweza kurudisha. Kwenye raga ya saba, ile ya wachezaji saba kila upande, timu iliyofunga ndiyo inaanzisha tena kwa teke, kwa hivyo mkiwa na mtu wa kuunyaka ule mpira hewani mnaweza kufunga na kufunga tena kabla wenzenu hawajaugusa, na Humphrey Kayange alikuwa hatari sana hapo. Tafuta mechi zake za Shujaa, timu ya taifa ya Kenya ya raga ya saba, usiangalie mikono, angalia miguu inaanza kukimbia lini. Ama ndugu yake Collins Injera, ambaye mwaka 2016 kule London aliipita rekodi ya trai 230 ya Muajentina Santiago Gómez Cora kwenye mashindano ya dunia ya msimu ya raga ya saba na akamaliza na 279. Kila mtu anakumbuka ile mbio ya mwisho. Wewe rudisha sekunde kumi uone alikuwa amesimama wapi kabla pasi haijaanza.

Kitu kimoja tu nawaomba vijana, msianze na zile pasi za mkono mmoja za Wafiji. Ni tamu kuangalia, nakubali, lakini wenzetu wamezicheza tangu utotoni na ukiiga mwisho wake bila misingi yake utaiangusha timu. Iga kusimama kwanza, iga kuita.

Kuna watakaosema mechi zetu za Kenya Cup, ligi kuu ya raga hapa nchini, hazina kiwango cha kufundisha mtu, bora kuangalia All Blacks, timu ya taifa ya New Zealand. Sikubali hata kidogo. Hapa unasimama hatua chache kutoka kwa mstari, unasikia 15 wa klabu kama Kabras ama KCB akimwambia winga arudi, unasikia hata anavyomwambia, na akipitwa unaona dakika tano baadaye amebadilisha nini. Na mechi ikiisha unaweza kumfuata ukamuuliza, "Bro, kipindi cha pili ulishuka kabla yule 9 hajapiga, uliona nini?" Wote niliowahi kuwauliza hivyo walisimama wakanieleza, mmoja mpaka akachora na kidole kwenye vumbi.