Kabla ya kuamini maoni kuhusu baiskeli ya shokapu mbili, tazama kipete cha mpira

Jumamosi moja tulikuwa wanne Olmotonyi, juu ya Ngaramtoni, nje ya Arusha, kwenye zile njia zinazokatiza shamba la miti. Baiskeli ilikuwa moja: ya milimani, yenye foki ya springi mbele na shokapu ya hewa nyuma, chini ya mwamba wa fremu. Nikawaachia wenzangu waipande kwa zamu, mteremko uleule, mawe yaleyale. Dada mmoja mwepesi, kilo 54, akafika chini akasema ni ngumu kama Phoenix ya kubebea mkaa. Wa pili, kijana mwenye mwili, akasema inabonyea mno, kila jiwe lilimfikia kiunoni. Wa tatu alibaki ameshika usukani, hataki kuiachia, akauliza inauzwa wapi.

Wote watatu walisema kweli. Ile hewa ilikuwa imejazwa kwa uzito wa yule wa tatu.

Nakuandikia wewe ambaye unataka kununua ya kwanza na umeshaanza kuuliza watu. Utaambiwa mengi, na karibu kila anayekuambia atakuwa anazungumzia kilo zake, njia zake na pampu yake, hata kama anadhani anazungumzia baiskeli. Mimi mwenyewe nilinunua yangu ya mtumba, shokapu ya nyuma ikiwa na mwendo (umbali inaoweza kubonyea) wa milimita 50, na kwa miezi minne niliisema vibaya mbele ya kila mtu. Kupanda mlima ilizama nyuma, pedeli zikagonga mawe. Kwenye mashimo iligonga hadi mwisho, nikasikia chuma. Nilikaribia kuiuza kwa hasara, hadi nilipoipeleka kwa fundi mmoja mzee Moshi nikamweleza hayo yote. Hakugusa spana.

"Kijana, una kilo ngapi?"

"82, mzee."

"Na aliyekuuzia?"

Nikakumbuka mtu mwembamba, mfupi kuliko mimi. Mzee akaniambia nipande, nikae tu, kisha nishuke. Kwenye ile nguzo inayong'aa ya shokapu kuna kipete chembamba cha mpira ambacho husukumwa shokapu inapobonyea na kubaki pale ilipofikia. Akaweka rula: milimita 24. Karibu nusu ya mwendo wote ilikuwa imeliwa na mimi kukaa tu, kabla sijakutana na jiwe hata moja. Tukajaza hewa mpaka kipete kikasimama kwenye 14. Nilirudi Arusha na baiskeli nyingine kabisa, na nikaanza kuwatafuta watu niliowaambia vibaya.

Kwa hiyo jifunze hili kabla ya jambo lolote lingine. Vaa kama unavyovaa njiani, helmeti, begi na maji yako yote. Egemeza bega ukutani, kaa kwenye siti, miguu kwenye pedeli, usirukeruke. Mwenzako akisukume kipete hadi kiguse mdomo wa shokapu. Halafu shuka polepole, kama unavyoinuka kitandani pembeni ya mtoto aliyelala, maana ukishuka kwa kishindo kipete kitasogea na utapima uongo. Kwa njia za kawaida za milimani, shokapu ya nyuma inatakiwa ibonyee asilimia 25 hadi 30. Kwenye mwendo wa milimita 50 hiyo ni kama 13 hadi 15. Foki ya mbele iwe ngumu kidogo zaidi, asilimia 15 hadi 20.

Pampu ya tairi haitakufikisha. Nunua ile ndogo ya shokapu, inayosoma hadi psi 300. Anza na psi ambazo ni kama mara mbili ya kilo zako, kisha kipete ndicho kiamue. Jaza kidogo kidogo, na kila baada ya psi 50 ikandamize shokapu mara kadhaa, kwa sababu ndani kuna vyumba viwili vya hewa na lazima vilingane. Wageni wengi huchanganyikiwa hapa: ukifungua pampu unasikia pssss, unadhani umepoteza hewa. Ile ni hewa ya mpira wa pampu. Ukiiunganisha tena ili uhakikishe, geji itasoma chini kuliko mwanzo, kwa kuwa hewa ya shokapu imeingia kwenye mpira. Usihangaike nayo. Amini kipete.

Baada ya hewa kuna kinobu, mara nyingi chekundu, kinachotawala kasi ya shokapu kurudi baada ya kubonyea. Ikirudi haraka mno, baiskeli inakurusha teke kama punda. Ikirudi polepole mno, inazidi kuzama kila jiwe mpaka mwendo unakwisha. Shuka kwenye kingo ya barabara ukiwa umekaa. Siti ikuinue mara moja na kutulia. Ikidunda mara ya pili, punguza kasi kwa kukizungusha kinobu "tak" moja tu, ujaribu tena.

Ukishayajua hayo, unaweza kuanza kuyachuja maoni ya watu. Utakalolisikia zaidi ni kwamba springi ya nyuma inakula nguvu za miguu. Kuna ukweli ndani yake: ukisimama kwenye pedeli na kukanyaga kwa hasira, baiskeli inadunda. Lakini mwaka 2012, kwenye mbio za baiskeli za milimani za Olimpiki ya London, Jaroslav Kulhavý alichukua dhahabu akiwa na shokapu mbili, akimpita kwa sekunde moja Nino Schurter aliyekuwa na springi ya mbele tu. Miaka minne baadaye, Rio, Schurter alichukua dhahabu yake, na safari hiyo naye alikuwa na shokapu mbili. Hao ni watu wanaohesabu kila gramu. Kwa sisi, kupanda kutoka Ngaramtoni kwenda juu ni mizizi na mawe yaliyolegea, na pale tairi la nyuma linalokumbatia ardhi linakuvusha mahali ambapo lile gumu lingeteleza. Kaa kwenye siti, kanyaga mviringo. Kale kawenzo ka kukaza shokapu kaache kwa ajili ya lami.

Maoni ya ughaibuni yasome ukikumbuka njia zao. Wengi wao hupanda njia zilizochongwa kwa ajili ya baiskeli, zenye kona zilizoinuliwa na matuta ya kurukia, kisha wanalalamika kwamba milimita 130 haitoshi, na hapo wanahesabu mwendo wa gurudumu, si ule wa shokapu yenyewe. Njia zetu ni za watu. Ndizo anazopita mama mwenye mzigo wa kuni kichwani, ng'ombe wanaokwenda kunywa maji, watoto wanaotoka shule. Kasi ya kuhitaji milimita 160 huna ruhusa ya kuwa nayo pale, na mimi sitaki kuongozana na mtu anayeitafuta. Ukiona mtu mbele, punguza mapema, simama ikibidi, toa shikamoo. Kwa hiyo ukiuliza kuhusu baiskeli, uliza breki zake kabla ya shokapu. Milimita 120 hadi 140 inatosha sana kwa Mlima Meru, na kwa Usambara kule Lushoto pia.

Kuhusu zile za bei ndogo, mpya, zenye springi kubwa ya chuma katikati, msimamo wangu hauna mjadala: usinunue. Karibu huwezi kurekebisha chochote, ni nzito, na viungo vya nyuma hulegea mapema. Kwa fedha hizohizo tafuta ya springi ya mbele tu iliyo nzuri, uipande miaka miwili. Utajifunza kuchagua mstari wako kati ya mawe, na ujuzi huo utauhamisha.

Ukienda kutazama ya mtumba, kabla ya kulipa shika siti, inua nyuma taratibu sana na kuishusha. Ukisikia "tak" ndogo mkononi kabla tairi halijanyanyuka, kuna beringi au bushi iliyokwisha. Pitisha ukucha kwenye nguzo ya shokapu na ya foki. Mkwaruzo unaokwamisha ukucha utakata sili na hewa itavuja. Hesabu viungo vya nyuma: baiskeli yenye beringi chache ni rahisi zaidi kuitunza kwenye vumbi letu, ambalo ni laini kama unga na linapenya kila mahali. Beringi zenyewe huwa na namba pembeni, mfano 6902, na namba hiyo utaipata kwenye maduka ya beringi mjini. Sili za shokapu ndizo za kuagiza, kwa hiyo uliza modeli kamili ya shokapu, na kibandiko chake ukipige picha.

Na usiipeleke kwenye mashine ya kuoshea magari. Nimeona baiskeli nzuri ikilia kwi-kwi kwenye kila kiungo wiki mbili baada ya kuoshwa hivyo, maji yameingia, grisi imetoka. Ndoo, sponji na kitambaa vinatosha. Futa ile nguzo inayong'aa kila unaporudi, hata ukiwa umechoka. Miguu ya foki ibadilishiwe mafuta kila baada ya saa 50 za kupanda. Kwa anayetoka kila Jumamosi kwa saa tatu, hiyo ni kama miezi minne. Mimi huandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha plasta, nakibandika chini ya siti.

Yule dada wa kilo 54 tulimtolea hewa palepale, kipete kikaonyesha 14, tukalegeza kinobu kidogo kwa kuwa hewa yake sasa ilikuwa chache. Akapanda tena hadi juu kwenye miti akashuka. Mara hii hakuongea. Aligeuza baiskeli, akaanza kupanda tena.